Kuchoma stata kwa moto: chuma chake kinapona au kinakufa?

Swali: "Mimi ni fundi wa kurewaindi mota, niko Morogoro. Mota ikiungua, stata yake, ile sehemu isiyozunguka yenye koili, huwa tunaichoma kwa kuni au matairi mpaka vanishi iishe, kisha tunang'oa waya wa kopa na kusuka upya. Mteja mmoja amenilalamikia kwamba tunaua chuma, ndiyo maana mota zikitoka kwetu zinachemka na kula umeme. Lakini kijana mmoja aliyesoma chuo anasema viwandani chuma hichohicho hupashwa moto zaidi ya nyuzi 800 ili kiwe bora. Nani mkweli? Kama moto wa 800 ni dawa kwao, kwangu unageukaje sumu?"

Jibu: Wote wawili wamesema kweli, fundi. Kijana anazungumzia bati kabla hazijawa stata, mteja anazungumzia stata iliyokwisha kupangwa, kubanwa na kupakwa vanishi. Nyuzi ni zilezile za Selsiasi, ila hewa inayolizunguka bati ni nyingine, kupoa kwake ni kwingine, na kilicho juu ya uso wa bati ni kingine. Nitakueleza kwa kirefu, kwa sababu ukijua moto unafanya nini ndani ya chuma hutahitaji mtu wa kukuamulia tena.

Bati za stata hazitokani na chuma cha nondo wala cha mabati ya kuezekea. Ni chuma kilichochanganywa na silikoni, chini ya asilimia 1 kwenye mota za bei nafuu, hadi asilimia 3 na kidogo kwenye mota za ufanisi mkubwa na kwenye transfoma. Mwaka 1900 Robert Hadfield, mwenye viwanda vya chuma wa Sheffield, Uingereza, pamoja na wenzake Barrett na Brown, walichapisha vipimo vilivyoonyesha faida ya mchanganyiko huo. Silikoni ikifika asilimia 3, ukinzani wa chuma dhidi ya umeme hupanda karibu mara tano. Gharama yake ni kwamba chuma kinapungua kidogo uwezo wa kubeba sumaku, kutoka tesla 2.16 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku) za chuma safi hadi kama 2.03, na kinakuwa kigumu, chepesi kukatika.

Ukisoma karatasi ya muuzaji ukakuta M400-50A, 50 ni unene wa bati, yaani milimita 0.50, na 400 ni wati 4.00: hasara ya juu kabisa inayoruhusiwa kwa kila kilo, sumaku ikiwa tesla 1.5 na umeme ukiwa hezi 50. Stata yenye kilo 30 za bati hizo, ikifanya kazi karibu na kiwango hicho, inageuza wati 120 kuwa joto muda wote mota inapozunguka, iwe na mzigo au haina. Hasara hiyo ikiongezeka maradufu, mteja wako anakuwa na jiko la wati 120 zaidi ndani ya mota yake, na analilipia kila saa.

Wati hizo zinapotea kwa njia mbili kubwa. Ya kwanza inaitwa histeresisi. Chuma kimejengwa kwa punje ndogondogo za fuwele, na ndani ya kila punje kuna maeneo ambayo sumaku yake imeelekea upande mmoja, yakitenganishwa na kuta nyembamba mno. Umeme wa hezi 50 unageuza upande wa sumaku mara 100 kwa sekunde, na kila inapogeuka kuta hizo husogea. Zikikutana na mpaka wa punje, au na kichembe cha kabaidi, salfaidi au naitraidi (yaani kaboni, salfa au naitrojeni iliyoungana na metali), au na sehemu ambapo safu za atomi zimepindwa kwa nyundo au kwa mkasi, zinakwama. Kisha zinachomoka kwa nguvu, na nguvu hiyo inatoka kama joto. Njia ya pili ni mikondo ya eddi, umeme unaozunguka ndani ya chuma chenyewe kwa sababu sumaku inabadilika; ukinzani ule unaoletwa na silikoni huipunguza. Ndiyo maana stata haitengenezwi kwa pande moja la chuma. Inapangwa kwa bati nyembamba zilizotenganishwa na tabaka jembamba la kuhami umeme. Hasara ya eddi hukua kwa mraba wa unene, yaani unene ukiwa mara mbili, kila kilo inapoteza mara nne. Shika hapo, tutaparudia tukifika kwenye moto wako.

Bati likitoka kwenye roli za baridi, mitambo inayoligandamiza liwe jembamba bila kulipasha moto, halifai kwa mota. Punje zake zimebanwa zikawa ndefu kama nyuzi, safu za atomi zimevurugika, na kuta za sumaku hazipiti kirahisi. Hapo ndipo tanuru linapoingia. Joto likipita nyuzi 600 au 700, punje mpya zisizo na mvurugiko zinaanza kuzaliwa ndani ya zile zilizobanwa na kuzimeza. Ukiendelea hadi nyuzi 900 au 1,000, punje hizo zinakua. Punje kubwa maana yake mipaka michache, kwa hiyo histeresisi inashuka. Lakini zikiwa kubwa kupita kiasi, maeneo ya sumaku yanakuwa mapana, kuta zinakuwa chache na kila moja inalazimika kukimbia zaidi, hivyo aina nyingine ya hasara inapanda. Kwa bati za mota, ukubwa mzuri ni kama milimita 0.1 hadi 0.15.

Silikoni ina kazi nyingine hapa ambayo watu hawaisemi sana. Chuma safi kikifika nyuzi 912 hubadili mpangilio wa atomi zake, na kikipoa hubadili tena, na kila badiliko linazivunja punje ulizohangaika kuzikuza. Silikoni ikivuka asilimia 2 hivi, na kaboni ikiwa ndogo sana, badiliko hilo halitokei. Unaweza kukipandisha hadi nyuzi 1,200 na kukirudisha, mpangilio ukiwa uleule.

Sasa kaboni, maana huyu ndiye adui anayekuja polepole. Kaboni ikibaki ndani ya chuma, mota mpya inaweza kupimwa ikaonekana nzuri kabisa. Kisha inafanya kazi kwa nyuzi 100 au zaidi, mwezi baada ya mwezi, na kaboni iliyokuwa imetawanyika inajikusanya kuwa vichembe vya kabaidi vinavyozuia kuta za sumaku. Hasara inapanda bila mtu kugusa kitu. Wataalamu wanakuita huku kuzeeka kwa sumaku. Ili kuzuia, kiwanda hupitisha bati kwenye tanuru la nyuzi 800 hadi 850 lililojaa haidrojeni na naitrojeni yenye unyevu. Mvuke unaing'oa kaboni kutoka ndani ya bati na kuondoka nayo kama gesi, mpaka ibaki chini ya asilimia 0.003 hivi. Utaona kwamba ni nyuzi 800 zilezile alizokuambia kijana, ila hewa ya ndani imechaguliwa ili itoe kaboni.

Kilele cha kazi hii kiko kwenye bati za transfoma, na nitakaa hapo kidogo kwa sababu naona ni moja ya kazi nzuri kuliko zote zilizowahi kufanywa kwa moto na chuma. Fuwele ya chuma ni ya mraba kama dadu, na sumaku inapita kwa urahisi sana ikifuata ukingo wa dadu, kwa taabu ikifuata mstari wa kona hadi kona kupitia katikati. Katika bati la mota, dadu zimelala ovyo, na ni sawa, kwa sababu sumaku ya mota inazunguka pande zote. Katika transfoma sumaku inakwenda na kurudi njia moja tu. Norman Goss, Mmarekani, alisajili hataza mwaka 1934 ya njia ya kulipiga bati roli baridi na kulipasha moto kwa zamu, mpaka karibu punje zote zielekeze ukingo wa dadu upande ambao bati limepigwa roli.

Siri yake ni vizuizi. Ndani ya chuma huachwa makusudi vichembe vidogo mno vya salfaidi ya manganizi, na katika aina ya Hi-B ambayo kampuni ya Yawata ya Japani, iliyokuja kuwa sehemu ya Nippon Steel, ilianza kuiuza mwaka 1968, naitraidi ya aluminiamu pia. Bati likipashwa moto, vichembe hivyo vinazizuia punje za kawaida zisikue. Zinabaki ndogo, kama milimita 0.01 hadi 0.02. Lakini punje chache zenye mwelekeo aliouona Goss zinafanikiwa kuvuka, na kati ya nyuzi 900 na 1,100 zinameza jirani zote kwa ghafla hadi kufikia milimita kadhaa, hata sentimita. Baadaye joto linapandishwa hadi nyuzi 1,200 ndani ya haidrojeni kavu ili salfa na naitrojeni vitoke, maana vizuizi vikishamaliza kazi yao vinageuka kuwa vikwazo kwa kuta za sumaku. Mzunguko mzima wa kupasha na kupoza roli kubwa za bati huchukua siku kadhaa. Na katika moto huohuo unga wa oksaidi ya magnesiamu uliopakwa juu unaungana na silika ya uso wa bati kuwa tabaka la kioo la kijivu, linalohami umeme na kulivuta bati kidogo. Mvuto huo nao unapunguza hasara.

Ukipata kipande cha bati la transfoma iliyokufa, ondoa tabaka la kijivu na kulichovya kwenye asidi ya haidrokloriki, ukivaa glavu na ukiwa nje penye upepo. Utaona punje kwa macho yako, mabaka makubwa yenye mng'ao tofauti. Bati la mota huwezi kuona hivyo bila hadubini. Kama huwa unatengeneza transfoma ndogo kwa bati za kuokota, kumbuka mwelekeo wa roli: sumaku ikilazimishwa kukatiza upande wa pili, hasara inazidi mara mbili. Na usilikunje wala kuligonga, maana kila pigo la nyundo linaharibu kazi ya siku zile zote ndani ya tanuru.

Turudi kwenye mota. Bati zikitoka kwenye tanuru la kiwanda zikiwa nzuri kabisa, zinakwenda kwenye mashine ya kukata meno ya stata. Kisu kinapokata, kinaponda chuma pembeni mwa mkato, na athari yake inaingia ndani kuanzia sehemu ya milimita hadi milimita kadhaa. Kwenye mota ndogo, jino lenyewe lina upana wa milimita chache tu. Maana yake jino karibu zima limeumia. Kwa hiyo viwanda vingi vinavyojali ubora huzipasha bati hizo upya baada ya kukata, nyuzi 750 hadi 840 kwa saa moja au mbili, ndani ya naitrojeni kavu yenye haidrojeni kidogo, kisha huzipoza taratibu ili zisipinde. Kabla ya hapo mafuta ya mashine ya kukatia huondolewa kabisa, kwa sababu mafuta yakiungua juu ya bati kaboni yake huingia ndani. Na tabaka la kuhami lililo juu ya bati hizo ni la aina ya madini inayostahimili joto hilo, au basi huwekwa baada ya moto. Huu ndio moto wa uponyaji aliousikia kijana wako. Kila kitu kiko tayari kwa ajili yake.

Stata yako haiko tayari. Bati zake zimeshabanwa pamoja, na kwenye mota nyingi zinatenganishwa na vanishi ya kawaida isiyoweza kuvumilia nyuzi 800 hata kidogo. Moto wa kuni au matairi haupimiki: upande mmoja unaweza kuvuka nyuzi 800 huku mwingine haujafika 300. Vanishi kati ya bati inaungua na kuacha masizi. Kwa nje bati tayari zinagusana na bodi ya mota au zimeshikwa kwa weldi. Zikigusana na kwa ndani kwenye meno, mzunguko wa umeme umekamilika, na bati mbili za nusu milimita zinafanya kazi kama bati moja la milimita nzima. Hapo ndipo ile hesabu ya mara nne inapoingia. Zikigusana tatu au nne, unapata doa la moto ambalo litaikaanga koili yako mpya mahali palepale, ukadhani waya ulikuwa mbovu.

Kuna na hewa. Moto wa tairi umejaa kaboni. Pale ambapo chuma kimekuwa chekundu sana na moshi umekosa hewa, kaboni inaweza kuingia kwenye bati, kinyume kabisa na kazi ya lile tanuru lenye unyevu. Penye hewa nyingi, kutu ya moto inakula uso wa bati kwa viraka. Mafundi wengine humwagia maji ili kazi iende haraka. Hiyo iacheni kabisa. Kupoa ghafla kunapinda meno, kunaacha mikazo ndani ya chuma, na kama kuna kaboni kunaifungia ndani ikiwa imetawanyika, tayari kuja kuizeesha mota ikiwa kazini kwa mteja. Bodi ya aluminiamu nayo ni hatari: aluminiamu safi huyeyuka kwa nyuzi 660, na aloi nyingi za kumimina huanza kulegea kabla ya hapo. Bodi ikipinda, nafasi kati ya rota (sehemu inayozunguka) na stata haiwi sawa tena. Sijagusa hata moshi mnaouvuta ninyi na vijana wenu.

Kwa hiyo usijaribu kuigiza moto wa kiwanda. Lengo lako liwe moja tu: kulainisha au kuunguza vanishi ya koili bila kuigusa ile ya kati ya bati. EASA, chama cha kimataifa cha warsha za mashine za umeme chenye makao yake Marekani, kinaelekeza kwamba joto la chuma lenyewe lisizidi nyuzi 370 kwa bati zenye vanishi ya kawaida. Za tabaka la madini zinavumilia hadi kama 400. Kama hujui bati zako ni za aina gani, na mara nyingi hutajua, shika 370. Mwaka 2003 EASA na wenzao wa Uingereza, AEMT, walitoa matokeo ya kupima mota kabla na baada ya kurewaindiwa. Zile zilizofanyiwa kazi kwa utaratibu huu ufanisi wake haukushuka kwa kiasi cha kuhangaikia. Mteja wako analalamikia moto, na ana haki, lakini kurewaindi kwenyewe hakuna kosa.

Tanuri la gesi au la umeme, hata la kujitengenezea kwa matofali ya kuvumilia moto, linatosha ikiwa lina themokapo, yaani waya wa kupima joto kali. Ncha ya themokapo ikae kwenye chuma cha stata, kwenye meno. Isining'inie hewani, maana koili ikishika moto hujipasha yenyewe na chuma kinaweza kuzidi hewa ya tanuri. Kata kwanza vichwa vya koili upande mmoja, mzigo wa vanishi upungue. Itachukua saa kadhaa badala ya nusu saa, na iache ipoe yenyewe. Ikiwa leo huna tanuri, basi angalau jua alama hii: chuma kikianza kuonekana chekundu hafifu gizani, umeshavuka nyuzi 500, na stata hiyo imeshaumia. Wakati wa kung'oa waya usipanue meno kwa patasi, wala usipige tupa ndani ya nafasi za koili, kwa sababu tupa inaunganisha kingo za bati zilizokuwa zimetengana.

Na pima. Kipimo hiki ni rahisi na kitakulinda mbele ya mteja. Zungusha waya mnene kupitia tundu la stata na kurudi kwa nje, kama unavyosuka toroidi (koili ya umbo la pete). Volti kwa kila mzunguko ni 4.44 mara hezi, mara tesla, mara eneo la chuma kwa mita za mraba. Eneo ni urefu wa chuma mara 0.95, mara kina cha chuma kilicho nyuma ya nafasi za koili. Stata ya urefu wa milimita 150 yenye kina cha milimita 25, ukitaka tesla 1.3 kwa hezi 50, inakuja volti 1 na nukta chache kwa mzunguko. Ukizungusha mara 20, unahitaji volti kama 20 kutoka kwenye transfoma yenye variaki, kifaa cha kupandisha na kushusha volti taratibu. Usichomeke moja kwa moja kwenye volti 230. Soma wati kwa wati mita, iache dakika chache, kisha pitisha kipima joto kwenye meno yote. Fanya hivyo kabla ya kuchoma, urudie baada ya kung'oa waya, kwa volti ileile.

Wati zikiwa zilezile au zimepanda kidogo, suka. Zikizidi kwa zaidi ya asilimia 20, au ukiona sehemu imezidi jirani zake kwa nyuzi 10 hadi 15, chuma kina tatizo. Doa moja linaweza kutibika: tenganisha bati za hapo kwa kisu chembamba, ondoa ukingo ulioinuka, ingiza vanishi, kisha pima tena. Kwa mashine kubwa sana watu huzifungua bati zote, wakazisafisha, wakazipaka upya na kuzipanga. Kwa mota ya pampu ya kisima hiyo ni gharama kuliko mota mpya. Kama stata nzima inachemka kwenye kipimo cha kwanza, kabla hujaiwashia moto, basi iliuawa na fundi aliyekutangulia. Mwonyeshe mteja namba hizo, umwambie anunue nyingine kabla hujaweka kopa mpya kwenye chuma kibovu.